Nusu ya Kidonge cha Bénit

Nyumbani kwetu Kasubi, hapa Kampala, asubuhi ina kelele mbili. Moja ni cherehani ya mume wangu, Katembo. Nyingine ni kinu changu. Yeye anashona nguo, mimi natwanga sombe, yaani majani ya muhogo. Nawauzia Wakongo wenzangu, maana wao wasipopata sombe wanasema hawajala. Tukianza kazi wote wawili, mtu anaweza kupiga hodi mpaka akachoka. Binti yetu Estelle anasema sisi ni bendi. Basi, bendi hiyo ndiyo inayomlipia shule.

Mimi naitwa Emérence. Nasema sana, najua. Katembo yeye ni mtu wa kimya, na akiingia ofisini anazidi. Ana koti lake la kijivu, alilishona mwenyewe. Halivai kanisani, halivai harusini. Analivaa siku ya mahojiano ya wakimbizi peke yake. Siku hiyo anakaa wima kwenye kiti. Anajibu "ndiyo", anajibu "asante sana". Haulizi kitu na halalamiki. Anaamini kwamba mtu akilalamika, faili lake linalala kabatini na hatapelekwa nje, nchi za wazungu, ng'o. Tangu tutoke Kongo tukapita kambini mpaka tukafika Kampala, hivyo ndivyo alivyoishi na maofisi.

Katembo ana presha. Kaka yake alikuwa nayo pia. Kaka mtu alianguka kambini akipasua kuni, upande mmoja wa mwili ukapooza. Mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko mpaka akatutoka. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema presha ni ugonjwa wa matajiri, damu yangu inachemka. Shemeji yangu hakuwa na utajiri wowote zaidi ya shoka lake.

Katembo alipewa vidonge vya aina tatu. Leo anameza vyote, kesho anasahau kimoja, keshokutwa amesahau vyote. Nikimkumbusha ananiambia, "Mama Estelle, kati yako na presha, sijui nani ananisumbua zaidi." Ananitania, lakini mimi nilikuwa naogopa. Sikutaka kushika kijiko kile tena.

Jumapili moja, mchungaji alipomaliza mahubiri, ukafika wakati wa matangazo. Alimwita jirani yetu, Sista Lamunu. Huyu ni muuguzi. Kwao ni kaskazini ya nchi hii, Kitgum, na mume wake ni polisi. Kiswahili chake amekipata kambini kwa mapolisi, kwa hiyo ni kifupi na kinanyooka.

"Bwana asifiwe," alisema. "Nimekuja kuomba watu wa kujitolea. Madaktari wana swali. Mtu wa presha anapewa vidonge vingi, anasahau. Sasa kuna kidonge kimoja, dawa zote ziko ndani. Je, kitasaidia kuliko vile vingi? Hawajui bado. Kama wangejua, wasingeuliza. Kutafuta jibu la swali kama hilo ndiyo utafiti. Tunaomba watu wazima wenye presha. Anayetaka aje tuongee. Asiyetaka abaki nyumbani, hakuna kosa."

Mama mmoja wa kwaya akainua mkono. "Tuje na vyeti vya watoto?"

"Vya nini, mama?"

"Vya safari."

Kanisa lilicheka, lakini lilicheka kidogo tu. Kila mtu alitaka kusikia jibu.

"Hapana," alisema Lamunu. "Hii si mambo ya kwenda nje. Haigusi faili ya mtu. Hii ni presha tu."

Sisi wote tulisikia. Lakini mkimbizi akisikia "madaktari" na "watu wa kujitolea", masikio yake yanaanza kusikia ndege inaruka. Jumatatu nikamkuta Katembo anapiga pasi lile koti la kijivu.

"Papa Estelle, unakwenda kupimwa presha au unakwenda kuoa?" nilimuuliza.

"Mtu haendi ofisini kama ametoka jikoni," alinijibu.

Basi nikajifunga kitenge, nikamfuata. Katika chumba kidogo cha kituo cha afya, Lamunu alitueleza yote taratibu. Alisema watakaokubali watagawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza litaendelea na vidonge vya kawaida. Kundi la pili litapewa kidonge kimoja. Hakuna atakayekosa dawa. Na anayegawa si daktari wala muuguzi. Ni kura inayopigwa na kompyuta.

"Kwa nini kura?" nilimuuliza.

"Kwa sababu mimi nikichagua, nitawapa rafiki zangu," alisema, akacheka. "Au nitawapa wagonjwa sana peke yao. Halafu hatutajua kama ni dawa imesaidia au ni watu walikuwa tofauti. Kura haijui mtu."

"Mtamtoa damu nyingi?"

"Kidogo. Kama kijiko cha chai."

"Dawa inaweza kumdhuru?"

"Inaweza kumletea kizunguzungu. Miguu inaweza kuvimba. Ndiyo maana tunampima kila mara, na tunampa namba ya simu ya kupiga saa yoyote."

"Na akichoka katikati?"

"Anaacha. Siku yoyote. Matibabu yake ya presha yanaendelea kama zamani."

"Na nyinyi, nani anawachunga?"

Hapo nilihisi kiatu cha Katembo kinanikanyaga chini ya meza. Lamunu hakukasirika. Alisema iko kamati inayolinda watu wanaoshiriki utafiti. Iliusoma mpango wote kabla ya kazi kuanza. Alituonyesha namba ya simu ya kamati hiyo kwenye karatasi, tukitaka kuwashtaki. Alisema pia kwamba jina la Katembo halitaonekana popote, atakuwa namba tu, na nauli ya kuja kituoni atarudishiwa. Kisha akamgeukia mwenyewe.

"Mzee Katembo, iko swali?"

"Hapana, sista. Asante sana. Tunashukuru."

Alikuwa amekaa wima kama yuko mbele ya mzungu wa mahojiano. Akatia sahihi.

Rafiki yake Bénit, naye mtu wa presha, aliingia pia kwenye utafiti. Bénit ni muuza vitenge. Anavibeba begani, anatembea nyumba kwa nyumba mpaka Ntinda, upande wa pili wa mji. Yeye na Katembo walijuana kambini. Walikuwa wanalala hema moja, na mmoja akipata unga, wote wawili wamepata. Mpaka leo ukimpa Bénit ndizi anaikata katikati kabla hajafikiri.

Kura ikapigwa. Bénit akaangukia kwenye kidonge kipya. Katembo akaangukia kwenye vidonge vya kawaida.

Njiani kurudi, mume wangu alivua koti akalikunja mkononi. Uso umemshuka.

"Bénit amechaguliwa," alisema. "Mimi wameniacha."

"Sista amesema ni kura!"

"Ndiyo hivyo. Wengine wanachaguliwa, wengine wanaachwa."

Nilimweleza mpaka mate yakanikauka. Yeye alikuwa ameshajifungia ndani ya mawazo yake, na huko mimi sina ufunguo.

Baada ya hapo nikaanza kuona jambo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kutembeza vitenge, Bénit alipita kwetu. Anasimama mlangoni, Katembo anainuka kwenye cherehani, wanapeana mikono. Lakini mikono gani ile! Inakaa, haiachani. Kisha Katembo anakwenda kwenye mtungi kunywa maji. Nikajiambia, wanaume wakizeeka wanakuwa wapole, Mungu asifiwe. Nikaendelea kutwanga sombe yangu.

Zikapita wiki kadhaa. Katembo akaanza kuinuka taratibu, ameshika ukuta. Nikamuuliza, akasema ni uchovu. Alipokwenda kituoni kupimwa na wakamuuliza kama ana kizunguzungu, alijibu, "Hapana, sista, tunashukuru." Bénit naye akaanza kushika kichwa. Kinagonga, alisema, kama kinu cha Mama Estelle. Nilimwambia aende kituoni hata kabla ya siku yake. Akasema, ah, ni jua la Ntinda tu.

Kisha ikafika siku ambayo sitaisahau. Mteja mmoja alikuja kupimwa gauni. Katembo akainuka na tepu yake shingoni. Hakufika kwa yule mama. Alianguka, kichwa kikagonga pembe ya cherehani. Damu ikatoka juu ya jicho.

Nilipiga yowe. Nilimwona kaka yake pale chini, wallahi, nilimwona kabisa, na kuni zake. Simu niliishika, sikujua nibonyeze nini. Ni yule mteja aliyebonyeza namba ya Lamunu kwenye kadi tuliyopewa kituoni, iliyobandikwa ukutani.

Lamunu alikuja na bodaboda, begi mgongoni. Alimlaza Katembo vizuri, akainua miguu yake juu ya mto, akafunga jeraha. Kisha akampima. Akapima tena.

"Presha imeshuka sana," alisema. "Imeshuka kupita kiasi. Mzee, umemeza nini leo?"

Katembo alifungua macho. Na pale pale sakafuni, damu usoni, akajaribu kukaa wima.

"Dawa zangu tu, sista. Asante sana."

"Hakuna kingine? Dawa ya miti? Ya mtu mwingine? Nikikupa dawa isiyofaa, ninaweza kukuumiza."

"Hakuna, sista."

Mlangoni nikamwona Bénit. Alikuwa amesikia yowe langu akiwa barabarani, akarudi mbio. Vitenge vimemshuka begani, vinagusa vumbi, hata haoni. Midomo inamcheza. Hapo nikakumbuka ile mikono yao ya asubuhi.

Nilipiga magoti karibu na mume wangu. Sikumgombeza. Siku hiyo sikuwa na nguvu ya kugombeza.

"Katembo," nilimwambia, "hapa si kwenye mahojiano. Hapa ni nyumbani kwako. Hakuna faili hapa. Niko mimi, na ninaogopa. Nilimlisha kaka yako kwa kijiko. Usinifanye nikulishe na wewe. Sema."

Bénit alianza, "Sista, ni mimi..."

"Acha, ndugu yangu," alisema Katembo. "Nitasema mwenyewe."

Akasema. Kila asubuhi Bénit alikuwa anakata kidonge chake kipya katikati. Nusu anameza yeye, nusu anampa Katembo mkononi. Katembo anaimeza juu ya vidonge vyake vyote vya kawaida, na siku hizo hakuwa anasahau hata kimoja.

"Bénit alinihurumia," alisema. "Yeye alichaguliwa, mimi niliachwa. Kambini tuligawana unga. Tungeachaje kugawana dawa?"

Bénit alikuwa analia waziwazi. "Nilitaka apone pamoja na mimi, sista."

Nilingoja Lamunu apasuke. Mimi ningepasuka. Lakini alishika mkono wa Katembo, akasema, "Asante, mzee. Sasa najua nifanye nini."

Tulimpeleka kituoni kwa gari la kukodi. Daktari alimshona juu ya jicho, akamweka chini ya uangalizi mpaka presha ikarudi mahali pake. Bénit naye alipimwa. Yake ilikuwa imepanda vibaya sana. Nusu ya kidonge haikumtosha. Kumbe huyu alikuwa anazidishiwa, yule anapunguziwa, na wote wawili walikuwa wanakwenda alikokwenda shemeji yangu. Kwa upendo wao wenyewe!

Jioni hiyo Lamunu alikaa nasi kwenye benchi la kituo.

"Unga unagawana," alisema. "Nguo unagawana. Dawa hapana. Dawa imepimwa kwa mwili wa mtu mmoja. Na angalia jambo lingine, mzee. Sisi tunataka kujua kidonge kipya kinafanya nini. Tungemwona Bénit presha imepanda, tungeandika: kidonge hiki hakifai. Tungekuona wewe umeanguka, tungeandika: dawa za zamani zinaangusha watu. Yote mawili ni uongo. Halafu daktari wa mahali pengine angesoma uongo ule na kumpa mgonjwa wake dawa isiyomfaa."

Katembo aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo mimi nimewaharibia kazi."

"Umesema kweli, kwa hiyo haijaharibika. Hata na sisi tuna kosa. Nilikuuliza kama una swali, ukasema hapana, nikaridhika. Ningekuambia unieleze kwa maneno yako mwenyewe kura ni nini. Ungesema ni kuchaguliwa, na ningekusahihisha siku ile ile."

"Sasa mtanifukuza?"

"Hatufukuzi mtu kwa kusema kweli. Daktari ataangalia kama ni salama uendelee. Akikubali, wewe ndiye utaamua. Ukiacha, utatibiwa kama kawaida. Ukibaki, unameza zako tu, na kila kinachokusumbua unasema."

Katembo akanitazama. Kisha, jamani, nikaona jambo ambalo sijaliona tangu anioe. Aliinua kidole, taratibu, kama mtoto darasani.

"Sista, nina swali. Nikisema miguu imevimba, hiyo si kulalamika?"

"Hiyo ndiyo kazi tuliyokuomba," alisema Lamunu.

Daktari alikubali, na wote wawili wakachagua kubaki. Tangu siku hiyo Bénit alipita asubuhi na mikono mitupu. Wakipeana mikono wananionyesha viganja, washenzi hawa, ili nione hakuna kitu. Katembo alimeza vyake vyote. Kituoni alianza kusema. Usiku silali vizuri, alisema. Kikohozi kimenishika, alisema. Ikafika siku Lamunu akaniambia, "Mama Estelle, mzee wako sasa anatumalizia muda." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Na lile koti hakulivaa tena kwenda kupimwa. Alikwenda na shati la kazi, nyuzi zimeganda mabegani.

Utafiti ulipoisha, tuliitwa wote kwenye ukumbi wa kituo. Daktari mkuu wa utafiti, Daktari Nusura, alikuja mwenyewe kutuletea majibu. Nilishangaa. Sisi tumeulizwa maswali mengi katika maisha yetu, lakini ni mara chache mtu amerudi kutuambia alichokipata.

Alisema katika utafiti ule, wengi waliopewa kidonge kimoja hawakusahau dawa kama wenzao, na presha zao zilitulia zaidi. Wachache walivimba miguu, na hilo nalo limeandikwa. Alisema majibu yamepelekwa kwa wakubwa wa afya wayaangalie pamoja na ya tafiti nyingine. Kisha akasema, "Kuna wawili hapa ambao walitueleza ukweli mgumu. Majina yao siyataji. Kwa ajili yao tumebadilisha namna ya kuwaeleza watu kabla hawajatia sahihi. Sasa hakuna anayeandikishwa mpaka atueleze alichoelewa kwa maneno yake mwenyewe. Hao wawili, na nyinyi wote, nasema asanteni sana. Bila nyinyi tungekuwa bado na swali lile lile."

Katembo aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeshukuriwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Kisha akainua mkono, mkono mzima safari hii, na akasimama.

"Daktari, mimi ni fundi cherehani. Nina swali moja. Na watu wa presha ambao hawakuja kwenye utafiti huu, wale wa kambini kule, nao watakipata hicho kidonge?"

Daktari Nusura hakumdanganya. Alisema hilo halimo mikononi mwake peke yake, lakini majibu haya ndiyo atakayoyashika akienda kuwaombea. Katembo akaitika kwa kichwa, akakaa. Bénit alikuwa anafuta macho kwa pembe ya kitenge cha kuuza.

Leo ninavyosimulia, Katembo ni mzima. Alama iko juu ya jicho, na presha yake imetulia. Bénit anatembea Ntinda na kurudi. Kanisani, Lamunu akija tena kuomba watu wa kujitolea, watu hawamuulizi vyeti vya watoto. Wanamuuliza swali ni nini, hatari iko wapi, na nani anawachunga. Wengine wanakubali, wengine wanakataa, na wote wanasalimiana vizuri. Mimi namshukuru Mungu, namshukuru Lamunu, na namshukuru yule mteja wa gauni. Kile kijiko nakitumia kwa chumvi tu.

Lakini nilitaka kusimulia tulivyorudi nyumbani siku ile ya majibu. Tulipanda kilima cha Kasubi kwa miguu. Katembo alikuwa anatembea nyuma yangu taratibu, nikadhani amechoka. Karibu na soko akasimama.

"Mama Estelle, umesikia?"

"Nini?"

"Wameniambia asante."

"Nimesikia."

"Watu wa ofisi. Miaka yote hii asante ni mimi ninayewaambia wao."

"Nimesikia, baba."

Tukaendelea kupanda. Tulipofika kwa muuza mkaa akasimama, akamsalimia, akaanza kumsimulia tangu mwanzo. Sombe ilikuwa inaningoja nyumbani, wateja pia. Nikakaa juu ya gunia, nikamwacha aseme.